Hiyo ni Mada, Siyo Stori

Alisoma ujumbe wangu mara mbili, simu ameishika mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani. Tulikuwa kwenye benchi la mama ntilie pale Benaco, kando ya barabara ya Rusumo, chai ya rangi mbele yetu na chapati ambazo hakuna aliyezigusa. Ujumbe huo nilikuwa nimeuandaa usiku mzima kwa ajili ya mhariri wa jarida moja la kilimo. Ulianza hivi: "Ndugu Mhariri, ningependa kuandika makala kuhusu changamoto zinazowakabili wakulima wa migomba wilayani Ngara."

Akanirudishia simu. "Mdogo wangu," akasema, "hiyo ni mada, siyo stori."

Nilikuwa nimetoka Biharamulo alfajiri, nikapita Lusahunga na Nyakahura nimebanwa kiti cha nyuma cha Hiace, ili tu nisikie sentensi kama hiyo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimtazama kaka huyu akifanya kazi ambayo majirani zake wengi hawajui kuwa ni kazi: kuandika kwa kujitegemea, kuuza habari na makala kwa magazeti, majarida na tovuti ambazo wahariri wake hajawahi kuwatia machoni, kutoka wilaya iliyopakana na nchi mbili na iliyo mbali na kila chumba cha habari. Hataki jina lake liandikwe. Anasema kazi yake ni kuwataja wengine.

Akachomoa kalamu mfukoni na kuanza kuniuliza. Nani umemwona? Mkononi alikuwa na nini? Zamani alikuwa anafanyaje? Nikamweleza nilichokiona huko Rulenge: mama mmoja anapita shambani kwake na mti mrefu wenye panda, anaupandisha mpaka panda inakamata kikonyo cha ua dume la mgomba, anausokota, ua linavunjika na kudondoka, naye anahamia mgomba wa pili. Panga ameliacha nyumbani. Panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba mnyauko wa bakteria hadi kwenye mgomba mzima, na nyuki nao huubeba wanapotembelea ua lile lile. Ua likivunjwa mapema, mara tu mkungu ukishamaliza kutoa vichana, nyuki hawana tena cha kufuata, na mti hauna makali ya kuhamisha utomvu. Majirani zake wawili bado hawamwamini.

Alinyamaza kidogo. "Yote hayo unayo, halafu mhariri umempa 'changamoto'?"

Kisha akageuza karatasi ya nyuma ya daftari lake na kuandika, taratibu, kwa herufi za mwalimu:

"Ndugu Mhariri, huko Rulenge wilayani Ngara nimekutana na mkulima aliyeacha kuingia na panga kwenye shamba lake la migomba. Anavunja ua dume kwa mti wenye panda, mgomba kwa mgomba, ili mnyauko usipite. Naomba kukuandikia maneno 900 yatakayomwonyesha msomaji wako jinsi ya kufanya hivyo na wakati wa kufanya, na kwa nini majirani wawili wa mama huyu bado hawamwamini. Picha sita ninazo. Naweza kukabidhi tarehe 20."

Ninayo karatasi hiyo mpaka leo, na kila nikiirudia naona fundi alivyoweka kila tofali. Maneno 900 hakuyatoa hewani. Alikuwa amehesabu maneno ya makala za namna hiyo katika matoleo matatu ya jarida lile. Msomaji ametajwa kwa sababu jarida la kilimo linanunuliwa na mtu anayetaka kesho aende shambani akafanye kitu. Majirani wawili wasioamini ndio uhai wa stori: bila wao ni kipeperushi cha bwana shamba. Tarehe imewekwa kwa sababu mhariri ana ukurasa wa kujaza, na mtu anayetaja siku amekwisha kumpunguzia mzigo mmoja. Neno ambalo halipo ni "ningependa". Nilipomuuliza kuhusu hilo alicheka. "Mhariri hanunui unachopenda. Ananunua ulichokiona."

Ustadi huu hakuupata chuoni, ingawa chuo alikwenda baadaye. Aliupata darajani.

Tarehe 28 Aprili 1994, watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na ndani ya saa 24 hivi walikuwa wamefika takriban 250,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la kasi namna hiyo. Eneo la Benaco, lililochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, likageuka kambi, na kambi ikawa kama mji mkubwa usio na nyumba hata moja ya tofali. Yeye alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana ajira. Lakini Kihangaza, lugha ya nyumbani kwao, kinaelewana vizuri na Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili alikuwa nacho, na Kiingereza cha shule. Waandishi wa dunia nzima walipomiminika Ngara, walihitaji mtu wa namna yake.

Akawa mkalimani wa kutwa. Anasema hata sasa hapendi kusimulia aliyoyatafsiri, na mimi sikumsukuma. Anachosimulia ni maswali. Mwandishi wa shirika la habari aliuliza wangapi, tangu saa ngapi, nani amethibitisha, kisha akakimbilia simu ya setilaiti. Wa redio aliwaomba watu wanyamaze, akanyoosha kipaza sauti kuelekea maporomoko na miguu ya watu lamini. Wa jarida alikaa na familia moja tangu asubuhi hadi jioni na kuuliza walibeba nini walipoondoka, nani aliamua kibebwe kipi, kipi kilitupwa njiani. Mpiga picha hakuuliza chochote. Daraja ni moja, watu ni wale wale, na kila mmoja aliondoka na kazi tofauti, wote wakalipwa.

"Hapo ndipo nilipojua," aliniambia, "kwamba stori haiko darajani peke yake. Nusu yake iko kwa anayeingoja."

Hilo ndilo ninaloliona katika kila anachokifanya, na ndilo lililonifanya nitake kuandika haya. Wengi wetu tunadhani kutafuta mahali pa kuchapisha ni usumbufu unaokuja baada ya kuandika, kama kutafuta usafiri wa mazao baada ya kuvuna. Kwake soko limo ndani ya uandishi tangu neno la kwanza. Anapomtazama mama na mti wake wa panda, anaona makala tatu: jarida la kilimo litataka namna ya kufanya, gazeti la kila siku litataka afisa kilimo, idadi ya kaya na kauli ya mkuu wa wilaya, tovuti ya nje itataka mpaka, kwa sababu ugonjwa wa mimea haugongwi muhuri mpakani Rusumo wala Kabanga, na migomba ya Ngara na ya Burundi inatazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Haandiki makala moja na kuibadilishia vichwa mara tatu. Anarudi shambani mara tatu, kila mara na maswali mengine.

Nyumbani kwake Ngara mjini kuna sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni. Ndani yake kuna magazeti na majarida yaliyofungwa kwa kamba za katani, kila fungu na jina lake. Nililifungua fungu moja nikaona kazi ya subira ambayo sijaona kwa mwandishi mwingine. Kwenye kila makala ameweka alama kwa kalamu nyekundu kando ya jina la mwandishi: duara likimaanisha ni mwajiriwa wa gazeti, nyota ikimaanisha ni mtu wa nje. Anajuaje? Analinganisha majina na ule ukurasa wa wahariri na waandishi, na jina linalotokea mara moja kwa miezi mitatu analihesabu kuwa la mtu wa nje. Baada ya matoleo kumi anajua ni kurasa zipi zinanunua kutoka nje na zipi ni za wenye nyumba. Kisha anamtafuta mhariri wa ukurasa huo hasa, si "Mhariri" wa jumla ambaye barua pepe yake ni kama kisima kilichofunikwa.

Siku hizi tovuti nyingi zimerahisisha hili kwa kuweka mwongozo wa waandishi: wanataka nini, urefu gani, wanalipaje. Anausoma kama mkataba. Kama mwongozo unasema wasitumiwe kiambatisho, wazo analiandika ndani ya barua yenyewe. Kama wanataka mistari kumi, anatoa tisa.

Halafu kuna daftari. Jalada gumu la bluu, limegawanywa kwa rula: tarehe ya kutuma, jina la mhariri, wazo kwa maneno matano, jibu, tarehe ya kuchapishwa, kiasi, tarehe fedha ilipoingia. Safu ya jibu imejaa herufi moja, H, yaani hapana, au kimya, ambacho nacho anakihesabu kuwa hapana baada ya wiki mbili na ukumbusho mmoja wa adabu. Nilipitisha kidole ukurasa mzima nikakuta H kumi na saba na ndiyo mbili. Nikamwangalia usoni. Hakuona aibu yoyote. Kwake H ni njia ambayo haipitiki msimu huu, na pembeni ya nyingi ameandika kwa penseli mahali pengine pa kujaribu.

Ufundi huu una ukoo mrefu kuliko yeye. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya kikoloni Januari 1923, lilijazwa kwa sehemu kubwa na walimu, makarani na wasomaji wa kila pembe walioandika habari za miji yao na mashairi, wakatuma kwa posta. Shaaban Robert alikuwa mmoja wa walioleta mashairi yao humo. Watu hao walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha, lakini tayari walikuwa wamejifunza jambo gumu: kuandika habari za kwako kwa namna ambayo mtu wa Lindi asiyewajua jirani zako ataisoma mpaka mwisho.

Katika miaka ya 1990 kaka huyu aliishi karibu kama wao. Habari aliziandika kwa mkono, akazitia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la Mwanza, na huko mtu alizipokea na kuzituma kwa faksi Dar es Salaam. Mabasi ya wakati ule yalikuwa yakipita misitu ya Biharamulo kwa msafara, polisi wakiyasindikiza kwa sababu ya majambazi. Aliwahi kulala na wasiwasi wa bahasha kuliko wa abiria, akajuta baadaye, akanieleza kwa uso wa mtu anayekiri. Desemba 1996, Wanyarwanda waliporudishwa kwao kwa mamia ya maelfu kupitia daraja lile lile, aliandika mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kumtafsiria mtu. Shule yake nyingine ilikuwa redioni: Radio Kwizera ilianzishwa huko Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, na jina lake kwa Kirundi na Kinyarwanda lina maana ya kuamini na kutumaini. Redio ilimfundisha kuandika kwa sikio. Mpaka leo husoma kila aya kwa sauti, chini chini, kabla ya kuituma, na nimeona akifuta neno zuri kwa sababu tu ulimi ulijikwaa.

Januari 2025 ilinionyesha upande mwingine wa kazi hii. Ugonjwa wa Marburg ulitokea wilayani kwetu Biharamulo. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan aliutangaza rasmi akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na kwa ghafla wahariri ambao hawakuwahi kujibu barua zetu wakawa wanatutafuta wao. Mmoja, wa mbali, alitaka picha za nyumba za marehemu na majina ya familia, na kiasi alichotaja kilikuwa kikubwa. Nilimpigia kaka simu nikiwa nimeshakubali nusu moyoni.

Hakunihutubia. Aliniuliza tu kama baada ya mwezi mmoja nitakuwa bado naishi Biharamulo. Kisha akanipa wazo lingine la kumpelekea mhariri yule yule: siku 42. Ndivyo mlipuko wa Marburg unavyohesabiwa kuwa umekwisha: siku 42 zipite tangu mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa afariki na kuzikwa pasipo kupatikana mwingine, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili. "Wilaya nzima inahesabu," alisema. "Muuguzi anahesabu, mwenye basi anahesabu, bibi anayeogopa kushika mkono wa jirani anahesabu. Kaa nao mpaka siku ya mwisho." Yule mhariri alikataa. Mwingine, aliyekuwa kwenye daftari la bluu kwa H nne mfululizo, akakubali. Tarehe 13 Machi ilipotangazwa kuwa mlipuko umekwisha, ukiwa umechukua watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, makala yangu ilikuwa tayari, na hakuna mtu mtaani kwetu niliyehitaji kumkwepa njiani.

Kuhusu fedha anazungumza bila haya, na nadhani ni sehemu ya heshima anayoipa kazi. Magazeti yetu mengi humlipa mwandishi wa mkoani kwa stori iliyotoka, na mara nyingi malipo hayo hayafiki hata nauli ya kuifuata stori yenyewe. Pengo hilo ndilo linaloingiza bahasha ya semina, ile posho ya mwenye shughuli, na mwandishi anaanza kufuata shughuli badala ya habari. Yeye ameamua kuliziba pengo kwa njia ngumu zaidi: kuandika machache, kwa uzito, kwa wanaolipa vizuri, na kuomba ruzuku za safari. Mfuko wa vyombo vya habari wa TMF, ulioanza mwaka 2008, ulikuwa wa kwanza kumlazimisha kuandika bajeti ya stori, mafuta ya pikipiki yakiwa na mstari wake na chakula mstari wake. Baadaye akajaribu ruzuku za nje, za Pulitzer Center na Earth Journalism Network, ambako aliomba kwa Kiingereza na ushindani ni wa dunia nzima. Nikeli ya Kabanga, huko huko Ngara, ambayo imejulikana ipo tangu miaka ya 1970, ilianza kupata wanunuzi wa stori mara dunia ilipotaka betri. Yeye mafungu yake kuhusu Kabanga alikuwa ameyaanza kabla.

Kabla ya kuandika neno la kwanza anauliza mambo manne kwa maandishi: kiasi, siku ya kulipa, nani anabaki na haki ya kuichapisha tena, na atalipwa nini ikiwa wataikataa baada ya kuiagiza. Niliwahi kuona aibu kuuliza. Tovuti moja ya nje ilichukua makala yangu ya maneno 1,500, ikaichapisha, ikakaa kimya miezi mitano. Kaka aliketi nami tukaandika ankara upya, fupi, yenye namba, tarehe, jina la makala, jina la benki na msimbo wake wa SWIFT, pasipo neno moja la hasira. Tukaituma kwa mhariri na nakala kwa mhasibu, kila Jumatatu. Jumatatu ya sita fedha iliingia. Kitambulisho chake cha uandishi nacho hukihuisha kabla hakijaisha, kwa kuwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai ithibati, na hataki siku moja azuiwe getini kwa kosa la karatasi.

Siku ile Benaco nilinakili maneno yake kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye simu, nikabadilisha mawili yaliyokuwa ya kwake mno, nikabonyeza kutuma. Chai ilikuwa imepoa. Aliniagizia nyingine, akaanza kuzungumza na dereva wa lori aliyeketi upande wa pili, kijana aliyevaa kandambili na fulana ya timu, akimuuliza tairi ya nyuma aliyoifunga kwa mpira ametoka nayo wapi, na je, kwenye mizani ya Nyakahura hawakuiona. Hakuwa na daftari mkononi. Alikuwa anasikiliza tu, kichwa kimeinama upande mmoja.

Jibu liliingia kabla sijamaliza kikombe cha pili. Mistari miwili: sawa, maneno 900, tarehe 20 ni nzuri, tuma picha zikiwa na maelezo. Nilimwonyesha nikitetemeka mkono. Alisoma, safari hii mara moja tu, akanirudishia simu.

"Vizuri," akasema. "Ule mti wenye panda, ni wa mti gani?"

Sikujua.

"Na anaukata mwenyewe, au kuna mtu anayemkatia?"

Nikasimama kutafuta bodaboda ya Rulenge.